Farasi anavalishwa blanketi mbili, mimi nalala kwenye maranda ya mbao. Halafu nakatwa hela!

Kamwene wakuu.

Wiki tatu nimejiambia niliache lipite. Limegoma kupita.

Mimi ni mtunza farasi, saisi kama wanavyosema wenzetu wa Kenya. Mwaka wa sita huu nazunguka kwenye mashamba ya watu, Iringa na Mufindi. Wengi mkisikia farasi mnawaza picha za harusi na watoto kupandishwa raundi moja. Njooni siku ya mashindano muone.

Ilikuwa Juni hii, na baridi ya Mufindi ya Juni mnaijua. Shamba silitaji wala wenye farasi siwataji, sitaki kesi juu ya kesi. Mashindano ya kuruka vihunzi, Ijumaa mpaka Jumapili. Nikakabidhiwa farasi watano peke yangu. Watano! Farasi mmoja anakunywa lita 25 mpaka 40 kwa siku, akitoka jasho anazidisha. Sasa pigeni hesabu ya ndoo za lita 20, na bomba liko kule bondeni karibu na josho la ng'ombe. Hapo hujamuosha hata mmoja.

Saa 10 alfajiri niko macho. Zoa mavi, ongeza maranda, lisha mapema, maana anayeingia uwanjani saa 2 hatakiwi kuruka na tumbo lililojaa pumba. Halafu kusuka. Singa za shingoni unazilowesha, unazigawa mafungu kumi na kitu, kila fungu unalisuka, unalikunja na kulishona kwa sindano na uzi mpaka linakuwa kama kifungo cha koti. Vidole vimekufa ganzi. Sindano ikiingia kidoleni huisikii, unashtukia damu kwenye uzi. Na yule mwekundu mwenye soksi nyeupe miguu yote minne, huyo naapa hulala juu ya mavi kwa makusudi.

Mpanda farasi akitoka uwanjani, hata dakika mbili hajamaliza huko, anashuka, anakutupia hatamu bila kukutazama usoni, huyoo kwenye nyama choma. Unabaki na mnyama wa kilo 500 anahema, mishipa imemtoka. Legeza mkanda, mtembeze, mmwagie maji, mkwangue, mtembeze tena mpaka pumzi itulie, papasa miguu kama ina joto, chokoa kwato. Hujamaliza unaitwa, wa pili zamu yake imefika na tandiko bado liko kwenye lori.

Hayo yote nimezoea. Kilichonichoma ni Jumamosi usiku.

Nimejilaza na shuka langu la Kimasai juu ya maranda ya Sao Hill, farasi kila mmoja na blanketi zake mbili. Saa 7 usiku nasikia teke ukutani. Mwekundu anaparua chini, anageuza shingo kuangalia ubavu wake, analala, anainuka, analala tena, jasho linamtoka kwenye baridi ile. Chango, yaani tumbo linamuuma. Farasi hawezi kutapika wakuu, kilichokwama tumboni kimekwama, na utumbo ukijisokota ni upasuaji au kaburi. Huku upasuaji wa farasi unaupata wapi? Nampigia madam, mwenye farasi, simu imezimwa. Nampigia mumewe, inaita tu. Daktari wa mifugo nikamtafuta kwa vocha yangu, akatoka Iringa mjini, kilomita 80 za ukungu mpaka Mafinga, bado vumbi la kuingia ndani. Muda wote huo namtembeza tu mnyama asije akajibiringisha. Daktari akaja, akamhudumia. Saa 11 mwekundu akatoa mavi. Sijawahi kushangilia goli la Mbeya City namna ile.

Saa 12 na nusu madam anatokea na kikombe cha kahawa. Anaangalia farasi wa pembeni. "Mbona huyu hajasukwa?"

Ndilo neno la kwanza alilosema.

Zawadi ya farasi nadhifu wakaikosa. Jioni kwenye hesabu, tulikubaliana 25,000 kwa siku, nikapewa 50,000. Jumapili imekatwa yote, sababu "uzembe". Vocha ndiyo usiulize. Kesho yake akaweka picha mtandaoni, timu iliyokesha kumuokoa farasi wao. Mimi simo. Kuna mkono tu pembeni umeshika kamba, una plasta mbili. Ni wangu.

Nikaambiwa kibarua hana saa za kazi. Nani kasema? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa 9 kwa siku, 45 kwa wiki, na saa za ziada zinalipwa mara moja na nusu. Mimi nilianza saa 10 alfajiri nikaachia saa 4 usiku, siku tatu, ni saa 54. Wiki nzima ya kisheria niliimaliza Jumapili saa 7 mchana, na usiku wa chango sijauhesabu.

Watakaosema "acha kazi", siachi. Farasi hajanikosea kitu.

Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inapokea madai ya namna hii ndani ya siku 60, zimeshakwenda 23. Mkataba ulikuwa wa mdomo, ila nimesoma kwamba mwajiri asipoleta maandishi, mzigo wa kuthibitisha makubaliano unakuwa wake. Kuna aliyewahi kufungua shauri pale Iringa bila karatasi? Meseji yake ya "njoo Alhamisi jioni, 25 kwa siku" bado ninayo. Hiyo inatosha, au nimbembeleze na daktari aje kushuhudia?