Lebanon: mbunge anapiga kura tupu, anachukua koti lake, huyoo!

Wakuu, leo mnivumilie. Kila tukiigusa Lebanon mtu anarukia udini: rais lazima awe Mkristo Mmaroni, waziri mkuu Msuni, spika Mshia. Hayo walishaelewana tangu 1943. Kinachonikera mimi ni ule mlango wa ukumbi wa bunge, maana bunge ndilo linalomchagua rais.

Wabunge ni 128. Duru ya kwanza mgombea anatakiwa apate 86, ya pili 65 zinamtosha. Ila akidi, yaani idadi ya wabunge wanaotakiwa wawemo ukumbini, wameishikilia iwe 86 mwanzo mwisho. Basi mheshimiwa anaitwa jina, anatumbukiza karatasi nyeupe isiyo na jina la mtu, kura zinahesabiwa, na kabla ya duru ya pili keshapotea. Akidi hakuna, kikao kimeahirishwa, kwaherini.

Vikao 12 vya hivyo! Michel Aoun alimaliza muda wake Oktoba 2022. Juni 14, 2023 wagombea wawili walichuana, Azour akapata 59, Frangieh 51, watu wakatoka zao. Baada ya hapo Spika Nabih Berri hakuitisha kikao kingine cha kumchagua rais hadi Januari 2025. Ibara ya 74 inasema kiti kikiwa wazi bunge likutane mara moja. Mara moja gani hiyo ya mwaka na nusu? Gavana wa benki kuu kaondoka, kiti kakaimu naibu wake. Vita ikawakuta na serikali ya muda.

Na wamezoea. Kumpata huyo Aoun 2016 kulichukua vikao 46, na siku yenyewe wabunge 127 wakatoa bahasha 128 za kura. Eti nao ni watunga sheria!

Ujerumani 1969 kumchagua rais walikwama duru mbili, ya tatu ikawa mwenye nyingi kachukua: Heinemann 512, Schröder 506, wakaenda nyumbani. Ugiriki ndiyo ilinifurahisha. Desemba 2014 mgombea urais Dimas aliishia kura 168 bungeni wakati zilitakiwa 180, bunge likavunjwa, waheshimiwa wakarudishwa kwa wapiga kura Januari. (Kipengele hicho wamekifuta 2019, sijui kiliwawasha nini.) Beirut ukiikimbia kura ya rais kiti chako cha ubunge kipo palepale kinakusubiri.

Januari 9, 2025 wote 128 wakafika. Joseph Aoun (si yule Michel) duru ya kwanza kura 71. Wakasimamisha kikao kwa muda wa saa mbili, wakarudi, 99. Saa mbili!! Sasa ile miaka miwili na ushee walikuwa wanatafuta nini?