Ramani za zamani za Usambara Magharibi: zipatikane wapi na zipi za kuaminika?

mtafiti_mlalo
Wakuu, habari za kazi. Nafuatilia mabadiliko ya mandhari kwenye kata chache za Lushoto: ukingo wa msitu ulipita wapi, mabonde gani yalikuwa kinamasi kabla ya kulimwa mboga, na njia za miguu za kushukia Mombo. Nataka ramani za tangu enzi ya Mjerumani hadi miaka ya 1970, za kupimika. Nikitafuta mtandaoni napata vipicha visivyosomeka. Nianzie wapi?

karani_wa_shiti
Mkuu, anza na Old Maps Online. Unasogeza ramani ya dunia hadi Lushoto, inakuorodheshea ramani zilizoskaniwa na maktaba mbalimbali zinazogusa hapo. Usiishie kwenye kipicha cha utangulizi: fungua ukurasa wa maktaba yenyewe, ushushe faili kubwa kuliko yote, TIFF (picha isiyobanwa) kama ipo.

Enzi ya Mjerumani, shiti (karatasi mojamoja za ramani kubwa) za msingi ni za Karte von Deutsch-Ostafrika, skeli 1:300,000, kazi iliyoanzishwa na Richard Kiepert na kuendelezwa na Paul Sprigade na Max Moisel, zilizochapwa na Dietrich Reimer wa Berlin. Zitafute Staatsbibliothek zu Berlin na maktaba ya Chuo Kikuu cha Frankfurt. Frankfurt ndiko pia iliko hazina ya picha za Jumuiya ya Kikoloni ya Kijerumani. Picha ya mlima iliyopigwa kutoka bomani inaweza kukuonyesha ukingo wa msitu kuliko ramani yoyote ya wakati huo. Ya zamani zaidi ni ramani ya Oscar Baumann kwenye kitabu chake cha Usambara cha 1891.

Tafuta kwa tahajia yao. Lushoto ni Wilhelmstal (wakati mwingine Wilhelmsthal), "dsch" ni j, "tsch" ni ch, "sch" ni sh. Ukiandika "Lushoto" kwenye katalogi ya Kijerumani unaweza kuambulia patupu huku shiti ipo.

Halafu jihadhari na jambo moja: ramani hizo zimeungwa kutokana na safari. Afisa alipita njiani na dira na saa, akachora alichokiona kulia na kushoto. Karibu na njia ni za kutegemewa, katikati ya njia mbili ni kukisia. Mahali peupe hapamaanishi hapakuwa na msitu wala watu, maana yake hakupita mtu wa kupachora. Na vijiji vingi vimeandikwa kwa jina la jumbe wa wakati huo. Jumbe akifa au akihama, jina nalo linapotea kwenye toleo linalofuata ingawa kijiji hakijasogea.

bonde_la_umba
Naongeza kuhusu tarehe. Mwaka uliochapwa chini ya shiti ni wa uchapaji. Kwa Usambara ipimeni kwa reli: kutoka Tanga ilifika Korogwe 1902, Mombo 1905, Buiko 1909, Moshi 1911. Shiti inayoonyesha reli inaishia Mombo ina taarifa za kati ya 1905 na 1909, hata kama karatasi imechapwa baadaye. Ila reli huongezwa juu ya bamba la zamani la kuchapia bila kugusa vijiji, kwa hiyo kipimo hiki kinakupa umri wa reli tu. Usikitumie kutarehesha msitu.

mpima_37S
Kwa kazi yako uti wa mgongo ni shiti za 1:50,000, mfululizo wa Y742, zilizotengenezwa na idara ya Uingereza ya upimaji wa makoloni (ilianzishwa 1946, baadaye ikaitwa Directorate of Overseas Surveys) pamoja na idara yetu ya upimaji na ramani. Nchi imegawanywa katika miraba ya nusu digrii yenye namba, kila mraba una shiti nne, /1 hadi /4, kila moja dakika 15 kwa 15, yaani kama km 27 kila upande. Nenda idara ya upimaji na ramani, Wizara ya Ardhi, uombe kwanza faharasa ya shiti. Ukienda na jina la kijiji peke yake mtazungushana. Kisha omba toleo la zamani kabisa lililopo, maana ukisema "ramani ya Lushoto" utapewa jipya.

Soma pembezoni. Pameandikwa picha za anga zilipigwa mwaka gani, na huo ndio mwaka wa msitu wako. Baadhi ya matoleo ya awali hayana kontua (mistari ya mwinuko).

Sasa koordineti, ndipo watu wengi wanapoharibu. Shiti hizi ziko kwenye datamu (msingi wa kupimia koordineti) ya Arc 1960. Unapoipachika skani mahali pake kwenye QGIS, programu ya ramani, chagua EPSG:21037, ambayo ni UTM kanda 37 Kusini ya datamu hiyo. Ukiiambia programu ni WGS 84 (datamu ya GPS), ramani nzima inahama kama mita 300 kaskazini-kusini na karibu mita 100 mashariki-magharibi. Ukiona kila kitu kimehama kwa kiasi kilekile, tatizo ni datamu, usianze kulazimisha kwa kubandika alama kwenye mito. Bandika alama 9 au zaidi kwenye makutano ya mistari ya gridi, siyo kwenye barabara, tumia Polynomial 1 (inayogeuza na kunyoosha karatasi nzima kwa pamoja), uangalie makosa yaliyobaki. Skani ya dpi 300 kwenye 1:50,000 ina pikseli ya mita 4 hivi. Alama ikikosea zaidi ya mita 20 umebofya mstari usio wake, au karatasi ilikuwa na mkunjo.

Shiti za Kijerumani ni kesi nyingine. Mstari wa milimita 0.3 kwenye 1:300,000 ni mita 90 ardhini, basi usichore mpaka wa msitu kwa hiyo. Na epuka Thin Plate Spline: inakuonyesha makosa sifuri kwa sababu inaivuta karatasi mpaka ipite kwenye kila alama, hata uliyokosea.

mtafiti_mlalo
Shukrani sana mkuu. Picha za anga zenyewe je? Nikizipata si naziweka tu juu ya Y742?

mpima_37S
Hapana, siyo milimani. Chukua picha ya 1:40,000 ya lenzi ya mm 152: ndege iko kama mita 6,080 juu ya ardhi. Kilele kilicho mita 500 juu ya bonde, sentimita 8 kutoka katikati ya picha, kinasukumwa nje kwa milimita 6.6, yaani mita 260 hivi ardhini. Kwa mteremko wa Mombo hiyo inakula shamba zima. Lazima uondoe athari ya mwinuko kwa kutumia modeli ya mwinuko, au utumie sehemu ya katikati tu ya kila picha. Zinapishana kama asilimia 60, kwa hiyo inawezekana. Picha za ile idara ya Uingereza ziko NCAP, hifadhi ya picha za anga, Edinburgh. Nyingi hazijaskaniwa na kuskaniwa kunalipiwa, hivyo agiza kwa namba ya ruka (safari ya ndege ya kupiga picha) na namba ya picha.

bonde_la_umba
Kwa 1960 hadi 1972 kuna picha za Corona, satelaiti za ujasusi za Marekani, kwenye tovuti ya USGS EarthExplorer. Iliyokwisha kuskaniwa ni bure, isiyoskaniwa ni dola 30. Za kamera ya KH-4B, za kuanzia 1967, zinaonyesha kitu cha karibu mita 2. Fungua picha ya utangulizi kabla ya kulipa: Usambara mawingu hukaa juu ya misitu ileile unayoitafuta. Miisho ya ukanda wa filamu imepinda vibaya, chagua ile ambayo Lushoto iko katikati.

karani_wa_shiti
Kwa ukingo wa msitu, usisahau ramani za mipaka ya hifadhi zenye namba inayoanza na JB. Ulizia TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania), na uchukue tangazo la gazeti la serikali linaloambatana nayo, kwa kuwa maelezo ya mpaka yako humo kwa nguzo na mito. Huo ni mpaka wa kisheria. Miti yenyewe ilikoma wapi, hilo ni la picha ya anga.

Karatasi zisizo mtandaoni: Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, mafaili ya Kijerumani yana herufi G. Bundesarchiv (nyaraka za taifa za Ujerumani), Berlin-Lichterfelde, fungu R 1001. Kew, kwenye nyaraka za taifa za Uingereza, kuna mafungu ya CO 700 na CO 1047. Ramani nyingi zimekunjwa ndani ya faili la barua na hazimo kwenye katalogi ya ramani, kwa hiyo omba mafaili ya ardhi na misitu ya wilaya, ufungue kila bahasha ya nyuma.