Nyumba tumeuza, tunayonunua imekwama: wenzetu mlilala wapi? Tupeane uzoefu

Baba Nasra (Reading)

Wapendwa, salaam. Naileta mada hii kwa sababu wiki hii ndugu wawili wamenipigia simu kuniuliza jambo lilelile, nami nimelipitia nikiwa na watoto watatu.

Kwa mlio nyumbani, nieleze kidogo. Huku Uingereza wengi huuza nyumba ili wapate fedha ya kununua nyingine, na anayewauzia naye anaisubiri fedha hiyo anunue yake. Huo ndio mnyororo. Pete moja ikikatika, wote mnasimama. Na kwa sheria ya England na Wales, kukubaliana bei hakumfungi mtu. Mpaka mawakili wabadilishane mikataba na mnunuzi aweke amana, kwa kawaida asilimia 10, yeyote anaweza kugeuka na usimdai hata senti.

Mnunuzi wetu alitaka tumalize kabla ya 31 Machi 2025, maana kuanzia 1 Aprili kiwango cha bei kisichotozwa kodi ya ununuzi kilikuwa kinashuka kutoka pauni 250,000 hadi 125,000. Kwake hiyo ilikuwa pauni 2,500 zaidi. Upande wa pili wa mnyororo, mzee aliyekuwa anatuuzia, nyumba anayohamia ikakwama kwenye mirathi. Ndiyo kwanza Ramadhani imeingia. Ama tumpoteze mnunuzi, ama tuuze tukatafute pa kulala.

Tukauza. Kupata nyumba ya miezi mitatu ndiko kulikotutoa jasho, kwani kila dalali alitaka miezi sita au mwaka. Zimebaki siku tisa tukabidhi funguo, hatuna kitu. Mke wangu ndiye aliyewaza: zile nyumba zenye kibao cha kuuzwa, ambazo ndani hamna mtu, mwenyewe si anazilipia bima na kodi ya halmashauri bure? Tukampata mama mmoja aliyekuwa anauza nyumba ya marehemu baba yake. Akatupa miezi mitatu kwa maandishi, sharti lake wanunuzi waruhusiwe kuja kuitazama Jumamosi. Tulikaa wiki kumi na moja. Nyie wenzangu mlifanyaje?

Bi Mwana (Milton Keynes)

Pole kaka. Sisi tulikwenda kwa wifi yangu, Northampton. "Wiki mbili tu" zikawa saba. Watu wanane, choo kimoja. Wifi hakutamka neno baya hata siku moja, Mungu amlipe, lakini mimi nilikuwa nawanyamazisha watoto mpaka wakawa wananyata ndani ya nyumba ya shangazi yao. Hilo linaniuma hadi leo. Tungekaa chini tangu siku ya kwanza tukataja mchango wetu wa umeme na chakula, nafsi yangu ingetulia.

Jambo jingine: msifunge maboksi yote. Tulipotaka kupanga, mwenye nyumba alipaswa kisheria kuthibitisha haki yetu ya kupanga England, na pasi ya mume wangu ilikuwa kwenye stoo ya kukodi, nyuma ya makochi. Ile nyumba akapewa mwingine. Nyaraka, dawa, sare za shule na mbuzi wa kukunia nazi mtembee navyo.

Mwana wa Kisumu (Nairobi)

Huku kwetu mnyororo wa namna hiyo si kawaida, lakini kukwama kupo. Niliuza Kilimani nikinunua Syokimau. Nililipa asilimia 10, mkataba ukasema siku 90. Kumbe hati ilikuwa benki kwa deni la muuzaji, na kuiachilia kukachukua muda. Siku 90 zikapita, hata 140. Nilikaa kwenye nyumba ya kukodi yenye vyombo vyake, ile ya wageni wa siku mbili tatu. Usilipe bei ya siku mara thelathini. Ongea na mwenyewe, mwombe bei ya mwezi. Mimi alinipunguzia karibu theluthi.

Mama Goba (Dar es Salaam)

Mimi kodi ya miezi sita nilitoa yote mbele, na mwezi mmoja wa dalali juu yake. Nikakaa miwili, nyumba yangu ikawa tayari. Ile minne sikurudishiwa.

Mdogo wangu alipouza kwake Tabata nikamwambia asirudie kosa langu. Kwenye mkataba wa mauziano waliandika kwamba atabaki humo humo miezi mitatu akimlipa mnunuzi kodi ya kila mwezi, na sehemu ya bei ikashikwa na wakili mpaka atoke. Hakufunga hata sanduku moja mpaka ya pili ilipokamilika.

Baba Nasra

Dada, hilo zuri sana. Huku ni gumu, kwa kuwa benki inayomkopesha mnunuzi kwa kawaida hutaka nyumba iwe tupu siku ya kukabidhiwa. Lakini kwa anayenunua taslimu, kuuliza si kosa.

Kaka wa Glasgow

Scotland ni tofauti kidogo. Barua za mawakili zikishakamilika zinawafunga wote wawili. Shida ni kabla ya hapo.

Ummu Yusra (Slough)

Nimesoma huku nalia. Mnunuzi wetu anataka tubadilishane mikataba Jumatano, na anayetuuzia hajajibu. Watoto wawili, mmoja ana pumu. Nifanyeje?

Baba Nasra

Dada yangu, tulia kwanza. Kesho asubuhi mpigie wakili umwambie huwezi kubadilishana mikataba kisha ukabidhi nyumba baada ya wiki moja. Omba wiki nne au sita katikati. Mkishabadilishana mikataba mmeshafungwa, kwa hiyo kabla ya Jumatano mjue kwa hakika mtalala wapi. Muulize pia ofa yenu ya mkopo inaisha lini, maana hizi zina miezi yake. Dawa za mtoto zichukue mapema kwa daktari wenu kabla hujabadili anwani. Na nyumba yoyote ya muda mtakayoonyeshwa, sogeza kabati utazame ukutani kama pana ukungu.

Slough na Reading si mbali kwa treni, watoto wanaweza kuendelea na shule yao. Chumba cha juu kwetu kipo wazi mpaka mwisho wa Agosti. Mke wangu anasubiri simu yako usiku huu.