Sarafu ya kidijitali ya benki kuu: kikomo cha salio ni cha nini?

Mdadisi: Wakuu, salio langu la benki tayari ni tarakimu tu kwenye simu. Sarafu ya kidijitali ya benki kuu inaongeza nini? Na kwa nini pochi zake, yaani akaunti za kuitunzia kwenye simu, huwekewa kikomo?

Leja_Kuu: Tazama nani anadaiwa. Salio la benki ni deni la benki ya biashara kwako. Ikifilisika unaingia kwenye foleni ya wadai, au bima ya amana kama ipo. Sarafu hii ni deni la benki kuu yenyewe, kama noti.

Kikomo kinatokana na hapohapo. Uvumi ukianza, amana zote zinaweza kuhamia benki kuu usiku mmoja, na benki ikabaki na mikopo ya miaka 20 isiyo na cha kuibeba. Bahamas, waliozindua sarafu yao ya aina hii, Sand Dollar, Oktoba 2020, pochi isiyohitaji kitambulisho cha serikali hushika mwisho dola 500. Yenye kitambulisho, 8,000. Kwa euro ya kidijitali, kiwango kilichojadiliwa sana ni euro 3,000. Pochi huunganishwa na akaunti ya benki: una 2,800, ukipokea 700, zile 500 za ziada zinahamia zenyewe kwenye akaunti yako ya benki. Ukilipa zaidi ya ulicho nacho, pengo linavutwa kutoka benki.

Mdadisi: Nimekupata mkuu. Na mtandao ukikatika?

Chipu77: Hapo ndipo penye kazi. Ukiwa bado mtandaoni unapakia kiasi kwenye chipu salama ya simu au kadi, na leja, yaani daftari kuu la nani ana kiasi gani, inakitoa kwenye salio lako la kawaida. Wakati wa kulipa chipu yako inapunguza salio na kutia sahihi; chipu ya mpokeaji inaikagua. Hakuna leja inayotazama, kwa hiyo anayefanikiwa kuvunja chipu anaweza kutumia pesa ileile mara 2, na mpokeaji hajui mpaka aunganishwe tena. Ndiyo maana kiasi huwa kidogo na chipu hulazimishwa kuripoti kila baada ya muda. Simu ikizama majini, pesa hiyo huenda nayo, sawa na noti.

Ila msiwaze wadukuzi tu. DCash, sarafu ya kidijitali ya Karibi ya Mashariki, ilizimika Januari 2022 kwa karibu miezi 2 kwa sababu cheti cha usalama cha mfumo kilipitwa na tarehe. Tarehe tu!

Leja_Kuu: Nami naona teknolojia si kikwazo kikubwa, matumizi ndiyo. eNaira ya Nigeria ilizinduliwa Oktoba 2021. Utafiti wa Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) wa 2023 ulikuta kwamba katika wiki yoyote ile, asilimia 98.5 ya pochi hazikuguswa. Mtu mwenye njia ya kulipa inayofanya kazi hahami kwa sababu ya nembo ya benki kuu. Marekani nayo, kwa amri ya rais ya Januari 2025, ilizuia taasisi zake kuanzisha sarafu ya aina hii. Mimi naweka matumaini kwenye aina ya jumla, ile ya benki kwa benki: hatifungani na malipo yake hubadilishana mikono kwa pamoja, upande mmoja ukikwama na mwingine hauendi.

Mdadisi: Kumbe raia wa kawaida hata hataiona hiyo.

Leja_Kuu: Hataiona.