Kariakoo: Narung'ombe, Mahiwa na Tandamuti ni majina ya nini hasa?

mgeni_wa_jiji
Wakuu habari zenu. Jana nilikuwa Kariakoo nimesimama kwenye kona nasoma kibao cha mtaa, kugeuka hivi simu haipo mfukoni, vibaka wa pale hawana utani. Haya simu imeshaenda, ila lile jina ndo limenibaki kichwani: Narung'ombe. Nikakumbuka na Mahiwa na Tandamuti, hivi haya ni majina ya watu, koo za watu au nini? Lumumba naelewa, Aggrey naelewa, Nyamwezi naelewa. Halafu kuna jamaa anabisha eti hata Kariakoo yenyewe ni Kiingereza, mi nimekataa, Kiingereza gani kina "koo"?

babu_gerezani
Jamaa yako yuko sahihi, hapo umeshindwa mjukuu wangu. Ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa vita kuu ya kwanza, na ile "ps" ya mwisho Waingereza wenyewe hawaitamki kwa hiyo wazee hawakukosea, waliandika walichosikia. Waingereza waliingia Dar Septemba 1916, wakakuta Wajerumani wameacha jengo la soko pale, jeshi likalichukua na wapagazi wakawekwa eneo lile. Nairobi nao wana Kariokor yao, chanzo ni hichohicho.

Sasa mitaa yako. Hayo ni majina ya sehemu za kusini walikopigana mwaka 1917. Narung'ombe ni upande wa Kilwa, vita ilikuwa Julai 19. Tandamuti ni kilima upande wa Lindi, hiyo ni Agosti. Mahiwa nayo Lindi, Oktoba 15 mpaka 18, na hiyo ndo ilikuwa machinjio, Waingereza waliouawa na kujeruhiwa walipita 2,000 na kamanda wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, naye hakutoka salama, maana aliishiwa watu na risasi ambazo hakuwa na pa kuzipata, mwezi uliofuata akavuka Ruvuma kuingia Msumbiji.

dada_wa_ilala
Shikamoo babu. Miaka yote nanunua vitenge Mahiwa sijui kama nakanyaga vita 😅 Ila sijaelewa, kwa nini wapagazi? Si reli ya kati ilikuwepo tayari, na farasi je?

babu_gerezani
Marahaba. Reli ilifika Kigoma 1914, ila vita ilihamia kusini ambako hakuna reli.

chaki_na_ubao
Naongezea kwa babu. Farasi, punda na ng'ombe waliletwa kwa maelfu na karibu wote wakaisha kwa mbung'o, ndo ikabidi mzigo upande kichwani kwa mtu. Na hapo kuna hesabu watu hawaifikirii: mpagazi naye anakula, kwa hiyo safari ikiwa ndefu sehemu kubwa ya chakula kinacholiwa njiani ni kile kile walichobeba, inabidi utafute wapagazi wengine wa kuwabebea wapagazi. Ndo maana upande wa Waingereza peke yake wanakadiriwa kufika milioni moja. Wengi hawakufa kwa risasi, walikufa kwa kuhara damu, malaria na kichomi, wanapewa unga wa mahindi ambao kwao hawajauzoea, kuni hakuna, muda wa kupika hakuna, wanakula mbichi mbichi. Vifo vilivyoandikwa ni zaidi ya 40,000 na wanahistoria wengi wanaona vilikuwa zaidi ya mara mbili ya hapo.

Kinachoniuma mimi ni ile sanamu ya Askari pale Posta, ya mwaka 1927. Maandishi yanawataja wapagazi kuwa ndo miguu na mikono ya jeshi, lakini inua macho uangalie juu, kuna askari mmoja tu na bunduki yake. Nairobi angalau mpagazi wamemsimamisha.

kijana_wa_shimoni
Mwalimu hapo kwa sanamu umenigusa. Konda wa daladala anawataja mara mia kwa siku, "Kariakoo Kariakoo twende", wala hajui anaita nani.

mgeni_wa_jiji
Asanteni sana wakuu. Kwa hiyo mi nimeporwa simu kwenye uwanja wa mapambano, basi sio aibu sana. Swali la mwisho, Mtaa wa Mchikichi nao ni vita ya wapi?

babu_gerezani
Huo ni mti tu mjukuu wangu.