Nimechoka na riwaya za mabinti wanaotiliana vioo kwenye viatu

Jamani, leo niacheni niseme.

Nimemaliza riwaya ya nne mwaka huu ya mabinti wa miaka 16 wanaogombea nafasi moja kwenye timu au jukwaani, na kwa mara ya nne muuaji ni yule rafiki mpole anayewabebea wenzake chupa za maji. Nilimshtukia ukurasa wa 40. Kitabu kizima ni yeye peke yake aliyekuwa akisema asante!

Sina ugomvi na giza. Wala siombi hadithi za mabinti wanaokumbatiana na kusameheana. Wivu wa umri ule naujua, niliwahi kukodolea macho kifundo cha mguu wa mwenzangu mazoezini huku nikiomba kiteguke. Kilipoteguka kweli, nilishindwa kula siku mbili. Hilo ndilo giza ninalolitafuta vitabuni, badala yake napewa kipande cha kioo ndani ya kiatu cha baleti, kila mara kioo, kama vile hakuna kitu kingine duniani kinachokata.

Kinachonichefua zaidi ni watu wazima. Kocha anabandika majina ya waliochaguliwa ukutani, anatoweka, anarudi mazishini. Binti anakata tufaha vipande 8 na kula viwili, mwandishi anatusifia mifupa ya mabega yake kurasa tatu. Nani alimwambia huyo mtoto kuwa kanenepa? Mwandishi hana habari.

Hebu kumbukeni Beijing, Februari 2022, fainali ya wanawake ya kuteleza kwenye barafu. Mabinti watatu wa Urusi, kocha mmoja. Kamila Valieva, miaka 15, sakata la dawa zilizokatazwa limemwelemea, anaanguka mara kadhaa na kumaliza wa nne. Anatoka uwanjani analia, na kocha wake, mbele ya kamera, anamuuliza kwa nini kaacha kupambana. Trusova, wa pili, analia kwa hasira na kusema hataki tena kukanyaga barafu. Shcherbakova, mwenye dhahabu, kaketi peke yake na mwanasesere wake. Hakuna aliyemtilia mwenzake kitu kiatuni. Mwaka huohuo shirikisho la mchezo huo likaamua kupandisha umri wa chini wa kushindana ngazi ya wakubwa kutoka 15 hadi 17. Waliona tatizo liko wapi.

Na msinitajie Harding na Kerrigan, wale Wamarekani wawili wa kuteleza kwenye barafu, Kerrigan akapigwa rungu mguuni, maana kila mtetezi wa vitabu hivi hukimbilia hapo. Kwanza hawakuwa watoto, mmoja alikuwa na miaka 23, mwingine 24. Pili, waliofungwa kwa lile shambulio la Detroit la 6 Januari 1994 ni wanaume wanne, akiwemo mume wa zamani wa Harding na mlinzi wake. Harding alikiri kula njama ya kukwamisha mashtaka, lakini amekuwa akikana kuwa alishiriki kupanga shambulio. Wanaume wanne, rungu moja, halafu hadithi inayosimuliwa ni "wanawake na wivu wao".

Sasa naombeni, mwenye riwaya ambayo kocha ana jina, ana sauti, na anawajibishwa kabla ya sura ya mwisho, aiweke hapa. Ile ya mama mlevi msiniletee. Nimeshaisoma, na aliyeua ni mbeba chupa.