Uliyewahi kuipigania shule au haki ya mtoto: siku gani ilikuvunja moyo? Tupeane uzoefu

Daftari Kuukuu:
Wakuu, habari za jioni. Nilikuwa nahamisha kabati nikakuta daftari la vikao vya kamati ya shule, la enzi zile nikiwa mwenyekiti. Nimekaa sakafuni na vumbi langu nasoma, kabati lenyewe bado liko katikati ya chumba.

Ajenda ya vyoo vya wasichana imeahirishwa mara sita. Mwandiko wa katibu, saini yangu. "Suala la vyoo lisubiri kikao kijacho kwa kuwa muda umekwenda." Muda ulikwenda wapi? Kwenye kompyuta. Mwaka mzima nilihangaikia kompyuta kumi, nikaandika barua mpaka vidole vikaota sugu. Zikaja, tukakata utepe, nikapigwa picha.

Wiki hiyohiyo mwalimu mmoja wa kike, mkimya sana, akaniletea rejista ya mahudhurio. Hakusema kitu. Akaifungua mezani, akaweka rula chini ya jina la kwanza, akaishusha kwa la pili, akaishusha kwa la tatu. Wasichana wa madarasa ya juu: siku tatu nne hawapo, wanarudi, mwezi unaofuata tena. Nikauliza, "Wanaumwa?" Akaniangalia vile unavyomwangalia mtoto aliyebadilisha viatu, cha kulia kushoto. Akasema, "Mwenyekiti, milango ya vyoo haina makomeo."

Komeo! Kipande cha chuma kinachoenea kiganjani. Nina mabinti watatu nyumbani na halikuwahi kunipitia akilini.

Ndiyo siku yangu hiyo. Walimu, wajumbe wa kamati, watu wa haki za watoto, wazazi mliowahi kusimama kikaoni mkaambiwa mkae chini, yenu ilikuwa ipi?

Chaki Nyeupe:
Naweka kambi hapa.

Nyundo:
Hiyo rula imenimaliza.

Mwalimu Mstaafu:
Mimi langu ni fupi. Tulikuwa na madarasa mawili yanayokaa sakafuni. Siku tunatembelewa na kiongozi mkubwa, alfajiri likaja lori la madawati ya kuazima kutoka shule ya jirani. Mgeni akapita, akasifia, akaondoka. Kabla vumbi la gari lake halijatulia, madawati yakapakiwa tena. Mtoto wa darasa la kwanza akanivuta suruali: "Mwalimu, yule mgeni anarudi lini?" Nimefundisha miaka mingi lakini swali lile sijalijibu.

Chaki Nyeupe:
Shikamoo mwalimu. Na sisi yalikuja, ila yetu walisahau matano wakayafuata usiku.

Kipaza:
Uzi mzuri. Wanaokata tamaa wamkumbuke Malala, yule binti wa Pakistan. Alianza na miaka 11 tu, mwaka 2009, anaandika kwa jina la kupanga jinsi wasichana wanavyofungiwa shule. Oktoba 2012 akapigwa risasi ndani ya gari la shule. Mwaka 2014 akachukua Nobeli ya Amani akiwa na miaka 17, pamoja na Kailash Satyarthi wa India. Kama binti mdogo aliweza, sisi tunashindwaje?

Nyundo:
Ndugu yangu, hapa watu wanaongelea komeo, wewe unaleta Nobeli. Kila semina ni hivyohivyo: picha ya Malala ukutani, fulana, kofia, posho, saa nane watu wametawanyika.

Kipaza:
Nyundo, nani kakwambia mimi ni wa posho? Na huyo Satyarthi ungemsoma kwanza. Mwenyewe husimulia kuwa siku yake ya kwanza shuleni alimkuta mtoto wa fundi viatu amekaa nje ya lango na baba yake, anafanya kazi. Akauliza kwa nini hayumo darasani, jibu halikumridhisha, na ukubwani ndiyo ikawa kazi yake. Maandamano aliyoongoza mwaka 1998 dhidi ya ajira ya watoto yalipita nchi nyingi mpaka Geneva, mwaka uliofuata Shirika la Kazi Duniani likapitisha Mkataba namba 182 wa kukomesha ajira mbaya kabisa za watoto, na mwaka 2020 ukawa umeridhiwa na nchi wanachama wote. Yote yalianzia langoni. Sasa komeo na lango tofauti yake nini?

Nyundo:
Komeo huwa linafunga.

Mwalimu Mstaafu:
Hahaha, hapo Kipaza umepigwa.

Wakili wa Kijiweni:
Mleta mada, kosa lenu lina namba. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, kifungu cha 12: mtoto asikilizwe katika mambo yanayomhusu. Hamkuwauliza wasichana wenyewe. Mngewauliza siku moja tu, mngeambiwa.

Daftari Kuukuu:
Kweli wakili. Tuliwauliza wanataka kompyuta za rangi gani.

Mama Stakabadhi:
Sikutaka kuandika, lakini hilo daftari limenichokonoa. Mimi nilikuwa mweka hazina wa kamati. Shule ilikuwa na mchango wa wazazi, na kikao kilipitisha kwamba asiyelipa mtoto wake asifanye mtihani wa majaribio. Nilinyoosha mkono kukubali. Tena mimi ndiye niliyeandika orodha ya wadaiwa, majina 43, kwa mwandiko mzuri kabisa, nikapiga na mstari chini.

Siku ya mtihani nikaenda kuchukua makusanyo. Nafika mwalimu mkuu anasoma orodha yangu mstarini. Mtoto akisikia jina lake anatoka, anapita mbele ya wenzake, anavuka lango. Hakuna aliyelia. Ningependa wangelia. Walitembea kama watu wazima wanaotoka kazini.

Sasa, hawakwenda nyumbani. Ukirudi nyumbani saa mbili asubuhi utasema nini? Walikaa kwenye ukingo wa mtaro, nje ya uzio, 43, na kalamu mkononi. Wakati huohuo mwalimu wa hesabu akatoka darasani kwake amebeba ubao, mzee wa watu, anaukokota. Akaugemeza kwenye mti ulio karibu na uzio, akasema ndani kuna joto. Asubuhi ile kulikuwa na baridi mpaka walimu walivaa makoti. Akaanza kusoma maswali ya marudio kwa sauti, kila swali mara mbili, uso wake ukielekea kwenye mtaro.

Nikafungua mkoba. Ndani kulikuwa na kitabu cha stakabadhi.

Jamani naendelea baadaye kidogo, mtu yuko mlangoni.

Chaki Nyeupe:
Mama usitufanyie hivi!

Nyundo:
Mlangoni kuna nani muhimu kuliko sisi?

Kipaza:
Mwendelezo tafadhali.

Bibi Shamba:
Wakati tunasubiri, ushauri wangu kwa vijana: usikubali kamwe uweka hazina. Ukatibu sawa, uenyekiti sawa. Fedha za watoto zina macho.

Chaki Nyeupe:
Mimi nasema kinyume, ukitaka kubadilisha shule shika hazina. Mwenyekiti anaongea, anayeamua ni mwenye kitabu.

Bibi Shamba:
Basi shika, tutakuletea matunda gerezani.

Mama Stakabadhi:
Nimerudi. Nilikaa kwenye jiwe la pale langoni nikaanza kuandika. Jina, tarehe, "amelipa", saini. Nakandamiza kalamu ili kaboni ishike nakala. Stakabadhi 43. Mkono ulianza kuuma kwenye kama ya ishirini na kitu, nikahamia mapajani. Kila niliyemaliza nampa mtoto karatasi, anaenda kwa mlinzi, mlinzi anaiangalia, anafungua lango. Yule mlinzi hakuwa mjinga. Baada ya watoto kama kumi akaacha kuziangalia, akaliacha lango wazi.

Senti sikupokea.

Wa mwisho alikuwa mtoto aliyekuwa akikaa dawati moja na mwanangu. Nilipomwandikia akaniuliza, "Mama, amelipa nani?" Nikamwambia kimbia, mtihani umeanza.

Miezi mitatu baadaye akaja mkaguzi wa hesabu. Stakabadhi zipo, hela hazipo. Nikavuliwa nafasi mbele ya mkutano wa wazazi, na wengi waliopiga makofi ni wale ambao watoto wao niliwaandikia. Siwalaumu, hawakujua. Nilikubali kulipa kidogokidogo, nikalipa mpaka mwanangu akamaliza shule. Mwalimu wa hesabu alipewa barua ya onyo kwa "kufundishia nje bila kibali". Mwanangu hakusema nami wiki nzima kwa aibu.

Siku iliyonivunja moyo, kama mleta mada anauliza, si ya mkutano. Ni ile niliyoiandika orodha na nikaona mwandiko umependeza.

Chaki Nyeupe:
Sina neno.

Wakili wa Kijiweni:
Mama, nakuheshimu, lakini tuseme ukweli: kuandika stakabadhi ya fedha usiyopokea ni kughushi. Kila mweka hazina akifuata huruma yake shule itaendeshwa na nini?

Nyundo:
Wewe si ndiye umetoka kutusomea vifungu? Soma basi na cha 28 cha mkataba wako, elimu ya msingi iwe ya lazima na bure kwa wote. Nani aliyevunja sheria pale langoni?

Wakili wa Kijiweni:
Mkataba unaibana serikali, hauhalalishi stakabadhi feki. Angeitisha kikao cha dharura.

Nyundo:
Saa mbili asubuhi? Watoto wako mtaroni?

Mwalimu Mstaafu:
Wote mna haki. Ila wakili, kikao cha dharura huwa kinahitaji taarifa ya siku saba. Nimehudhuria vingi.

Kipaza:
Narudi na historia, mnisamehe. Mwaka 1919 Mwingereza Eglantyne Jebb alikamatwa London kwa kugawa vipeperushi vyenye picha za watoto wa Austria waliokuwa wakifa njaa baada ya vita. Vilikuwa havijapitishwa na wakaguzi wa serikali. Akapatikana na hatia, akatozwa faini ya pauni 5, na aliyemlipia ni mwendesha mashtaka mwenyewe. Mwaka huohuo akaanzisha Save the Children, shirika la kusaidia watoto, na tamko la haki za mtoto aliloliandika likapitishwa na Shirikisho la Mataifa, lililoutangulia Umoja wa Mataifa, mwaka 1924. Mkataba anaousoma wakili ni mjukuu wa hilo tamko. Kwa hiyo aliyelianzisha alikuwa na kosa mahakamani.

Nyundo:
Hili la leo nimelikubali, Kipaza. Nimefuta ile ya posho.

Wakili wa Kijiweni:
Jebb alilipiwa faini. Mama amelipa mwenyewe. Hapo ndipo panaponiuma, msinione sina moyo.

Bibi Shamba:
Na wale wazazi 43, hakuna hata mmoja aliyekuja kujua?

Mama Stakabadhi:
Mmoja, miaka baadaye. Alikuta karatasi ndani ya daftari la mtoto akajua hakuwahi kulipa. Alikuja akasimama mlangoni, hakuingia, akaniambia, "Nilipiga makofi." Nikamwambia najua, nilikuona.

Chaki Nyeupe:
Tupeni na mbinu basi, mimi nimechaguliwa mjumbe juzi tu.

Mwalimu Mstaafu:
Soma rejista kabla ya kusoma bajeti. Na usigombane na mwalimu mkuu mbele ya walimu wake, mfuate ofisini.

Nyundo:
Gombana naye hapohapo mbele ya watu. Ofisini atakukaribisha kiti, utatoka umesahau ulichofuata.

Bibi Shamba:
Mtafute mama mkwe wake. Mimi nilipata bomba la maji kwa njia hiyo.

Wakili wa Kijiweni:
Kila kitu kwa maandishi, ubaki na nakala. Isipokuwa ya mama mkwe.

Chaki Nyeupe:
Mleta mada, umetuacha juu. Makomeo yaliwekwa?

Daftari Kuukuu:
Yaliwekwa, kikao cha saba.

Chaki Nyeupe:
Afadhali.

Daftari Kuukuu:
Kwa nje.

Nyundo:
Unasema??

Daftari Kuukuu:
Fundi alisema kaambiwa milango ifungike. Wiki ya kwanza wavulana waliwafungia wasichana wawili ndani mpaka kengele ya mwisho. Jumamosi nikaenda na bisibisi, nikayageuza yote manane, yule mwalimu wa rejista ananishikia skrubu. Hakusema kitu siku hiyo pia.